Mwiko wa Nani

Neno la kwanza la Kijapani nililolielewa lilikuwa limekaa barazani kwangu miaka yote. Jumapili moja mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu na hajawahi kunitazama bila kujificha nyuma ya bega la baba yake, alinyoosha kidole kwenye simu, huko Japani, akasema, "Mishin." Nami hapa Kolwezi niligeuka nikaitazama mashini yangu ya kushona.

Mwanangu alifungua mdomo anitafsirie, kama kawaida yake. Nikamkatiza.

"Nimesikia. Anasema mashini."

"Mama, umejua namna gani?"

"Mi njo niko nashona kila siku. Unataka nisijue jina ya kazi yangu?"

Alicheka. Mtoto alipomwona baba yake anacheka akarudi kujificha, na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuonja, na sikutaka tena kulishwa na mtu mwingine.

Mwanangu alikwenda Japani kusoma mambo ya madini. Watu wa mtaani walinitania sana: mtoto amezaliwa juu ya shaba, milipuko ya machimbo ikitikisa vioo vya dirisha lake kila alasiri, halafu anapanda ndege kwenda kusomea mawe. Alisoma, akapata kazi, akapata mke, akabaki. Silalamiki. Mkwe wangu ana roho nzuri. Siku ya kwanza tulipoonana kwenye simu aliinama hadi nywele zake zikafunika kioo chote, nami, kama mama yangu alivyonifundisha kuwasalimu wakwe, nilikunja magoti nikapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimeviringwa. Hakuna aliyesema neno na tulielewana vizuri kabisa.

Shida ilikuwa mtoto. Alikuwa na bibi mwingine huko, mzaa mama, ambaye alimwita "Baaba". Mara ya kwanza nilipolisikia nikauliza ni baba gani huyo anayeitwa wakati baba yake amekaa pale pale. Mwanangu akaeleza kwamba ndivyo watoto wa huko wanavyomwita bibi. Nikasema basi huyo ni Baaba, na mimi nibaki Nkambo, kama tunavyowaita wazee wetu nyumbani kwetu. Mtoto akalitamka papo hapo, safi, "Nkambo", kisha akakimbia. Kila Jumapili baada ya misa, wakati kwao giza linaingia, mambo yalikuwa hayo hayo. Mtoto anamwambia baba yake neno, baba ananiletea, mimi najibu, baba anarudisha. Utani wangu ukifika, mwenyewe amekwisha kwenda zake kwenye vitu vyake vya kuchezea. Nilichoka kuwa bibi wa kutafsiriwa. Nilitaka kitu kimoja tu: mtoto yule aongee na mimi, bila mtu wa katikati, kabla hajakua akanizoea kama picha ya ukutani.

Nikamwambia mwanangu nataka kujifunza.

"Ile luga iko nguvu, mama. Hata mi ilinitesa."

"Iko nguvu kupita kushona veste ya muntu wa tumbo?"

Mimi ukiniambia kitu ni kigumu umenisukuma, na yeye analijua hilo tangu tumboni.

Basi mkwe wangu akawa mwalimu. Kila asubuhi nilikuta sauti yake kwenye simu, neno moja au mawili, polepole, na nyuma yake mwanangu akisema maana. Niliiweka simu mezani karibu na visanduku vya uzi, nikasikiliza huku nikishona. Kanyagio la mashini lilinisaidia sana. A-ri-ga-to-o, mguu unakwenda na neno. Kwa kweli mdomo wangu haukupata taabu niliyoiogopa. Maneno yao mengi yanaishia kwa irabu kama ya kwetu, kila herufi inasikika, si kama Kifaransa cha shuleni ambacho nusu ya neno lazima uimeze. Samaki wao ni sakana, na mara mbili tatu nilipitiliza nikasema samaki na mkwe wangu akakubali kwa adabu.

Salamu ndizo zilizonipa moto. Mchana wanasema konnichiwa, jioni konbanwa. Sasa mimi nimekaa kwenye jua kali la Kolwezi, vumbi la malori limejaa hewani, na yeye amewasha taa. Nifuate jua la nani? Nilishika langu, nikasema konnichiwa. Mtoto akatazama dirisha lake lenye giza, akanitazama mimi, akamnong'oneza mama yake. Baada ya hapo nikafuata jua lake, kwa shingo upande.

Halafu kuna ndiyo na hapana. Ndiyo yao ni hai, ambayo kwa masikio yetu inaanza kama mtu anayekukatalia: haiko, haiwezekane. Hapana yao ni iie, na mtu wa hapa akisikia iie anajua umemkubalia. Kijana mmoja mchimbaji, mmoja wa wale wanaotoka mbali na kuniletea suruali zilizoisha magoti, alisimama mlangoni akauliza, "Mama, pantalon yangu iko tayari?" Kichwa changu kilikuwa kwenye somo. Nikajibu, "Iie." Akasema merci mama, akaingia, akakaa, akaanza kungoja. Nilipoinua macho nilimkuta bado amekaa na miguu ameinyoosha, mtu aliyeahidiwa. Ikabidi niache kazi nyingine zote nimtilie viraka.

Jirani yangu, mama anayeuza mikate mbele ya ua wangu, alivumilia wiki chache tu.

"Mama, siku hizi uko nasali mu kanisa gani? Ile luga unasema na mashini, ni Roho njo anakupatia?"

"Ni mukwe njo ananipatia."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Lakini haikupita muda, wateja wake wakimwomba mkate, nikamsikia anawaambia, "Hai."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na simu iliita mapema kuliko kawaida. Nilikuwa jikoni nasonga bukari, ugali wetu, sufuria iko motoni, na huwezi kuiacha bukari ikiwa imeanza kushika. Nikamaliza kwa haraka, nikaenda mbio kwenye simu na mwiko mkononi, bado una unga umeganda. Nikabonyeza. Alikuwa mtoto peke yake. Wazazi wake nilikuwa nawasikia wanagonganisha vyombo chumba cha pili.

Aliutazama ule mwiko. Akasogea karibu hata nikaona pua tu na macho. Akauliza, "Kore wa nani?"

Nilisikia vizuri. Kore nilidhani ni jina analouita mwiko, maneno ya kitoto. Lakini "wa nani" halikuhitaji mwalimu. Nilishangaa kidogo, maana sisi huku kila kitu tunasema "ya nani", mwiko ya nani, nyumba ya nani, mutoto ya nani. "Wa nani" ni Kiswahili bora, kile cha Biblia na cha redioni. Nikajiambia, kumbe mwanangu anamfundisha mtoto kimyakimya, na anamfundisha kizuri kuliko changu. Moyo wangu ulijaa, siwezi kusema vingine.

"Ya mama yangu," nikamjibu.

"Yamamayangu," akarudia.

Na ni kweli, ulikuwa wa mama yangu. Alitoka nao Kabongo siku alipomfuata baba, aliyekuwa amepata kazi ya machimbo huku. Alikuwa amesikia kwamba katika mji wa shaba watu wananunua kila kitu, na hakuamini kwamba mtu anaweza kununua mwiko ukaukubali mkono wake. Akaufunga kwenye kitenge, akapanda nao treni. Nilimweleza mtoto yote hayo. Mdomo wake ulikuwa wazi, na hakukimbia.

Baada ya hapo Jumapili zetu zilibadilika. Mwanangu akitokea kwenye simu nilimfukuza, "Toka, siye tuko naongea," na mtoto mwenyewe alimsukuma kwa mikono miwili. Nilizungusha simu nyumbani, naye akanyoosha kidole. Kiti cha mbao cha marehemu mume wangu: kore wa nani? "Ya tata." Mkasi wangu: kore wa nani? "Yangu." Alirudia kila jibu mara kadhaa, kwa uzito, kama mtu anayekabidhiwa, nami niliongeza habari. Jinsi tata, babu yake, alivyokuwa anakaa pale akivua viatu vya kazi na kulaumu serikali. Jinsi mkasi ule hakuna mtu anayeruhusiwa kuugusa, hata kukata karatasi. Kichwa kilinivimba. Nilimwambia jirani yangu kwamba mjukuu wangu wa Japani anaongea Kiswahili bora kupita watoto wake wote.

Ulikuwa mwendo mzuri, hadi asubuhi moja lilipokuja somo jipya. Sauti ya mkwe wangu ikasema, polepole, "Kore wa nan desu ka." Sauti ya mwanangu ikafuata: maana yake, hii ni nini? Watoto, akaongeza, wanafupisha, wanasema tu kore wa nani.

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Sindano ikabaki ndani ya kitambaa cha watu.

Niliona aibu, kisha nikakasirika, kisha nikaona aibu tena. Mtoto ananiuliza hii ni nini, na mimi nampa ukoo. Anataka jina la mwiko, namletea mama yangu na treni yake. Niliikasirikia lugha nzima: watu gani hawa wanaosema nani kwa kitu kisicho na roho? Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Mtoto si mjinga. Siku atakapogundua kwamba bibi huyu anajibu visivyoeleweka, atarudi nyuma ya bega la baba yake, na safari hii hatatoka.

Sikumwambia mtu. Nilimwomba mkwe wangu majina ya vitu vya nyumbani, nikajitia sina sababu yoyote. Mwiko wao wa wali ni shamoji. Mkasi, hasami. Kiti, isu. Nilirudia wiki nzima, mbele ya mashini, njiani kwenda sokoni, hata kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe, maana padri alikuwa anasema maneno ya Mungu na mimi nasema hasami. Jumapili ilipofika nilipiga moyo konde. Hata mwanangu nilimruhusu akae, ashuhudie.

Nikainua mwiko mbele ya simu. Mtoto akafurahi, akapiga kelele, "Yamamayangu!"

"Shamoji," nikasema.

Akakunja uso. "Chigau."

"Shamoji desu," nikasema tena, kwa adabu zote nilizofundishwa.

"Chigau. Yamamayangu."

Nikamtazama mwanangu. "Anasema haiko vile," akanong'ona. Nikachukua mkasi. Hasami. Mtoto akatikisa kichwa, akanisahihisha polepole, kama mama yake anavyonisahihisha mimi: "Yangu." Nikaonyesha kiti, na sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua. Isu. "Chigau. Yatata."

Mwanangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Kumbe ni weye, mama. Siku mingi tuko natafuta ile maneno."

Ndipo akanieleza. Nyumbani kwao mtoto alikuwa amegoma kupakuliwa wali mpaka mama yake ashike yamamayangu. Shule yao ya watoto wadogo ilikuwa imetuma ujumbe kuuliza yangu ni kitu gani, maana kila wakati wa kukata karatasi anaomba yangu, na mwalimu hajui ampe nini. Mwanangu anakijua Kiswahili, lakini maneno yaliyotoka mdomoni mwa mtoto yakiwa yamegandana hakuyatambua. Walidhani ni lugha ya midoli yake. Kumbe mtoto aliuliza majina na majina akapewa, akayashika yote, hakupoteza hata moja.

Mwanangu akamweleza mkewe, na wote wawili wakavunjika mbavu, yeye akicheka nyuma ya kiganja. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa bado na hasami mdomoni. Halafu mwanangu akaongea kwa sauti ya chini.

"Ule mwiko, mama. Nkambo, mama yako, alikuwa ananipiga nayo ku mikono wakati naiba nyama."

"Na haukuacha kuiba."

"Sikuacha." Akapangusa macho, sijui ni kicheko au ni nini. "Unataka nimuonyeshe majina ya kweli?"

"Ya kweli gani? Muache."

Mkwe wangu, ambaye hakujua tumesema nini, akasema neno fupi kwa mumewe. Nililielewa bila kutafsiriwa, kwa jinsi alivyomshika mtoto kichwani: na yeye alikuwa anasema amwache.

Wiki ile niliuosha mwiko wa mama yangu, nikaukausha juani, nikaufunga kwenye kitenge. Mwenzake mwanangu, mtu wa kwetu anayefanya kazi huko, alikuwa amekuja likizo Lubumbashi na alikuwa anarudi. Jirani yangu aliposikia aliacha mikate yake akaja hadi mlangoni.

"Unatuma mwiko ya mama yako ku Japon? Weye utasonga bukari na nini?"

Nilinunua mwingine sokoni. Ni mwepesi, hauukubali mkono wangu, na bukari inatoka na madonge. Nasingizia unga.

Katika mzigo ule nilitia na kazi yangu. Mkwe wangu mwenyewe alikuwa ameniambia kwa simu, kwa maneno machache na mikono mingi, kwamba mtoto anakua mbio, zubon zake zote zimekuwa fupi. Mimi ni fundi, neno hilo si geni kwangu. Jupon, sketi ya ndani inayovaliwa chini ya gauni. Nikashona mbili, nyeupe, zenye lasi chini, kazi ya kujivunia. Zilipofika mwanangu alinipigia akicheka kabla hata hajanisalimu: zubon ni suruali. Nilitaka kupandwa na hasira, lakini akaniambia kwamba, kwa anavyosikia, neno lenyewe ni jupon ya Kifaransa, iliyofika kwao zamani ikageuka suruali. Basi nikatulia. Nilifikiria mtu wa kwanza huko aliyesikia jupon akaenda kuvaa suruali, na hakuna aliyemcheka, au walimcheka na sasa nchi nzima inasema kama yeye. Mtoto alizivaa juu ya suruali zake, zote mbili kwa pamoja, akazunguka sebuleni mpaka akaanguka.

Jumapili iliyofuata simu iliita nikiwa ndiyo kwanza navua kitambaa cha kanisani. Alikuwa yeye mwenyewe. Mwanangu alikuwa ametoka kwenda dukani. Nikasema konbanwa, naye akasema konnichiwa, kwa sababu siku hizi na yeye anafuata jua langu. Alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, mrefu kama mkono wake wote, na nyuma yake mkwe wangu amesimama mbele ya sufuria. Alikuwa anajaribu bukari kwa unga wa mahindi alioupata. Nilimwona anavyokoroga kwa kijiko kidogo na nikajua itamshinda.

Nikamwuliza mtoto, "Kore wa nani?" Kwa lugha ipi, siwezi kuapa.

"Ya mama yangu," akanijibu.

Nyuma yake mkwe wangu alikuwa amenyoosha mkono, anaungoja. Mtoto akageuka akampa, na mama yake akainama kidogo akaupokea, akaanza kusonga. Nikauangalia ukizunguka ndani ya sufuria. Nikamwambia mtoto hai, ni kweli, ni wa mama yako.